Mkasi Uliopita Usoni mwa Milhem

Wifi yangu Badia alizaliwa amechoshwa na watu. Wengine huzaliwa na alama begani, yeye alizaliwa na uchovu huo. Nasikia mkunga alipomchapa kofi ili alie, hakulia. Alivuta pumzi ndefu akaitoa puani polepole, kama mtu anayemngoja karani amalize chai yake. Mimi sikuwapo, lakini nimeishi naye mlango kwa mlango tangu alipoolewa na kaka yangu Nakhle, na pumzi ile naijua. Ukiisikia jikoni, weka chini ulichoshika utoke.

Sababu za kuchoshwa alikuwa nazo, tena zilikuwa mbili: nyumba ya Shalhub na nyumba ya Bu Nasif.

Chuo chetu cha Ayn Zarzur kilianzishwa na Mwalimu Shahin Shalhub na Mwalimu Girgis Bu Nasif, marafiki wa kufa na kuzikana, ndani ya jengo kuukuu la kusokotea hariri. Jengo lilinuka viwavi waliochemshwa, mpaka wanafunzi wa kwanza wakawa wanajibu maswali huku wamebana pua. Mwalimu Shahin alikuwa na masharubu ambayo njiwa wawili wangeweza kutua juu yake, mmoja kila upande, na yeye asihisi uzito. Mwalimu Girgis masharubu hakuwa nayo, ila alikuwa na sauti. Akisema "kaeni" darasani, mbuzi wa ng'ambo ya bonde nao walikaa.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha wakamwita mpiga picha kutoka Zahle, akaja na nyumbu wake na sanduku lake. Walimu wakaketi kwenye viti viwili mbele ya jengo, kila mmoja na mke na watoto upande wake. Wanafunzi wakasimama nyuma. Katikati, baina ya vile viti, akasimamishwa Milhem, kaka yake Badia, ameshika ubao wenye jina la chuo. Walimchagua kwa kuwa alikuwa mfupi kuliko wenzake na hakuwa wa ukoo wowote wa maana; baba yao alikuwa akilima mashamba ya watu. Mtu asiye na upande ndiye anayefaa kuwekwa katikati. Badia, kitoto wakati huo, alisimama nyuma ya sanduku la picha ameshika kubazi za kaka yake, maana viatu alivyovaa Milhem siku hiyo vilikuwa vya kuazima.

Zikatoka picha mbili, kila nyumba moja. Kioo chenyewe kilichozaa picha hizo mpiga picha alikiuza, kikawa dirisha la banda la kuku, na wapo wanaoapa kwamba vifaranga wa mwaka ule walianguliwa wamevaa tarabushi. Mimi nitaapa kwa kifaranga mmoja tu.

Basi ikaja Pasaka. Desturi ya hapa ni kwamba asubuhi ya Pasaka wanafunzi huenda kuwasalimu walimu wao na mayai ya rangi. Nyumba ya Mwalimu Girgis iko chini, nyumba ya Mwalimu Shahin iko juu, na watoto walikuwa wanapanda. Wakaanza na Girgis. Wangefanyaje, waruke? Lakini Mwalimu Shahin alikuwa amesimama mlangoni tangu alfajiri, masharubu yametiwa mafuta, na alipoona mayai yanamfikia baada ya kupitia kwa mwenzake, akayapokea, akasema ahsanteni, akafunga mlango. Hakumsemesha tena Girgis mpaka walipokufa, na walikufa wazee.

Kufikia Jumapili iliyofuata ile picha ilikuwa imekatwa katika nyumba zote mbili. Nyumba ya Shalhub inasema walianza kina Bu Nasif. Nyumba ya Bu Nasif inasema walianza kina Shalhub. Hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza. Kila nyumba ilibakiza nusu yenye watu wake, na nusu ya pili ikatiwa kwenye tanuri la mkate. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake hata upana wa ukucha, mkasi ulipita katikati barabara: ukakata ubao, ukakata vifungo vya shati, kidevu, pua, na paji la uso. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na Milhem. Alikuwa njiani tu.

Mwenyewe alicheka. Badia aliwahi kunisimulia jinsi alivyoingia nyumbani akamwambia mama yao, "Mama, leo nimekatwa vipande viwili na sikutoka damu." Baada ya miaka michache, ndevu hazijamwota vizuri, akaondoka na mjomba kwenda Brazili. Mtu wa kijiji jirani alirudi akasema amemwona bandarini Santos akibeba magunia ya kahawa. Baada ya hapo, kimya. Mama yao hakukubali mtu yeyote amlilie. Kila Krismasi alimwekea Milhem sahani, na sahani ile iliondoka mezani ikiwa safi kama ilivyowekwa, na hakuna aliyethubutu kutia neno. Hakuna mwili, hakuna habari, hakuna matanga. Mama alipokufa, Badia akairithi sahani.

Picha nyingine ya Milhem haikuwapo. Nani angempiga picha mtoto wa mkulima?

Sasa angalia maisha yalivyo na ufidhuli. Badia, baada ya kuolewa, akapata kazi ya kufua nguo za wanafunzi wa bweni pale chuoni, na siku za sikukuu akiitwa kusafisha nyumba za walimu. Miaka na miaka aliishi katikati ya wale wazee wawili kama kaka yake picha ilipopigwa. Wanasimama chumba kimoja, Mwalimu Shahin anamgeukia Badia na ndoo yake na kusema, "Mwambie yule bwana kengele imechelewa." Badia anavuta pumzi. "Amekusikia, Mwalimu. Hana masikio ya mbao." Naye Mwalimu Girgis: "Mwambie aliyesema kwamba nimesikia." Walipokufa, watoto wao wakashika pale pale, na ndoo ikabaki kwa Badia.

Nusu zile mbili alizijua vizuri, maana alizipangusa vumbi. Kwa kina Shalhub picha ilining'inia juu ya redio, baadaye juu ya televisheni: Mwalimu Shahin na jamaa zake, kisha nguzo ya marumaru, kisha fremu pana ya dhahabu. Kwa kina Bu Nasif: Mwalimu Girgis na jamaa zake, kisha mtungi mkubwa wa maua, kisha fremu. Badia aliamini kaka yake yuko chini ya fremu, nusu huku na nusu kule. Aliwahi kuomba fremu ifunguliwe, katika ujana wetu. Kina Shalhub wakasema watafungua kina Bu Nasif wakishafungua. Kina Bu Nasif wakasema hivyo hivyo, ila kwa sauti zaidi. Akaacha. Mtu ana watoto, ana nguo za bweni zima, hana nafasi ya kupigana na fremu.

Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha na chuo kikatimiza miaka sabini, Badia alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Aliniambia siku moja tunachambua dengu, hata hakuinua kichwa. Alisema amejaribu kuukumbuka uso wa Milhem na haupo. Anakumbuka mluzi wake, na jinsi alivyopanda ngazi. Uso umefutika. Na daktari amesema kabla ya theluji ijayo hataona ila vivuli, na kupasuliwa hataki. "Nataka nimwone mara moja tu, wifi. Mara moja kabla giza halijaingia. Je, hilo ni jambo la kuundiwa kamati?"

Ilikuwa imeundwa kamati. Mkuu mpya wa chuo, Ramzi, kijana mwenye adabu aliyesomea Ufaransa mpaka akasahau jinsi tulivyo, alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuomba picha za zamani ili zitundikwe ukumbini siku ya sherehe. Watu wakampa. Akapata wanafunzi wa kwanza wamevaa suruali za baba zao, akapata maharusi, akapata hata picha ya nyumbu wa mpiga picha, ambaye, kwa maoni yangu, ndiye aliyetoka vizuri kuliko wote. Kilichokosekana ni waanzilishi. Ramzi akawaendea kina Shalhub na kina Bu Nasif, akanywa kahawa mara nyingi hadi mikono ikamtetemeka, na jibu likawa lile lile: tutatoa wakishatoa wao.

Badia akaamua kwenda mwenyewe. Nilimsindikiza, nikijua hatafika mbali, lakini sikutaka kukosa.

Kwa Bi Olga Shalhub, mjukuu wa Mwalimu Shahin, tulikalishwa, tukaletewa sharubati ya matunda ya mforsadi. Badia akaeleza: haombi kuchukua picha, aombacho ni fremu itolewe kidogo, aangalie, irudishwe. Bi Olga alimshika mkono, akamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Ghattas kipenzi chetu, akasema nyumba hii ni yako. Kisha akasema ila unajua.

"Sijui," akasema Badia.

"Wakisikia kina Bu Nasif kwamba tumefungua sisi kwanza, watasema tumelegea."

"Nani atawaambia?"

Bi Olga akaniangalia mimi. Nikaangalia dari. Lazima nikiri hakuwa amekosea.

Tukashuka kwa Tufik Bu Nasif, daktari wa meno mstaafu, mtoto wa mwisho wa Mwalimu Girgis. Huyo sauti ya baba yake aliirithi nusu, mbuzi wa ng'ambo hawakai lakini wanageuka. Alitusikiliza akiwa amefumba macho. Akasema heshima ya baba yake si kopo la samli la kufunguliwa kila anayepita akitaka. Akauliza, je, mmetoka huko juu? Tukasema ndiyo. Akafumbua macho. "Yaani mmeanza kwao?"

Badia alivuta ile pumzi yake mpaka pazia likasogea. Alimwambia kwamba yeye, Badia, amemfulia nepi. Na kwamba nepi zile hazikuwa na heshima yoyote. Na kwamba mtu akishika njia, atokee juu au chini, hana budi kukutana na nyumba moja kabla ya nyingine, kwa kuwa Mungu alipoumba mlima huu hakuziweka nyumba zote sehemu moja. Tufik akasema hilo ni kweli, lakini.

Tukashika njia ya kurudi. Alikuwa analia kwa hasira, na kwa macho yale hata jiwe lililo mbele yake hakuliona, nikamshika kiwiko. Hapo ndipo shetani wangu akanigusa. Nikamwambia kuna mlango mmoja tu ambao watu wa nyumba zile mbili huingia pamoja bila kuulizana nani ameanza.

"Upi?"

"Wa msibani."

Hapa kwetu unaweza kumkatia mtu mti, unaweza kumkatia maji, lakini akifiwa unakwenda kumpa pole. Usipokwenda, na wako wakifa utawazika peke yako na mbwa wako. Na desturi nyingine: picha ya marehemu huwekwa mezani katikati ya nyumba, waombolezaji waione. Kumnyima marehemu sura yake siku ya matanga yake, hilo hata kina Shalhub hawathubutu. Hata kina Bu Nasif. Nikamwambia: fungua matanga ya Milhem.

Akasimama. Akautoa mkono wake mkononi mwangu.

"Nikifungua matanga, wifi, nimemuua mimi," akasema.

Siku zilizofuata hakunisemesha. Nilimwona kupitia dirisha la jiko, ameketi mbele ya kabati la vyombo, sahani ile ya mama yake mapajani, anaipangusa na kuipangusa. Nilijuta, jambo ambalo halinipati mara kwa mara. Niliona nimefanya mzaha na kitu kisichochezewa. Kisha asubuhi moja akaingia kwangu bila kubisha, amevaa nguo nyeusi, kitambaa cheusi kichwani, na uso wake ule wa siku zote, wa mtu aliyepanga foleni ndefu na sasa dirisha linafungwa.

"Ana zaidi ya themanini," akasema. "Kama yu hai huko Brazili atanicheka, na anisamehe. Kama amekufa, nimemweka mlangoni muda mrefu mno. Nenda kanisani wapige kengele."

Kengele ya msiba ikalia. Kijiji kizima kikatoka madirishani kuhesabu wazee wake. Wengine walikimbia moja kwa moja kwa Elias mwenye pumu, wakamkuta anakula, wakarudi wamekasirika. Waliposikia ni Milhem mwana wa Asad, vijana waliuliza Milhem yupi, na wazee wakaenda kutafuta makoti meusi. Padri alikuja akisema hapana jeneza, atasomaje? Badia akamwambia asome polepole, maana marehemu yuko mbali.

Ujumbe kwa zile nyumba mbili nilipeleka mimi, na nilipeleka hivyo hivyo nilivyopewa, sikutia chumvi, jambo lililoniuma: Badia anafungua matanga ya kaka yake kesho mchana, picha ya marehemu iko kwenu, iletwe.

Kesho yake nyumba ikajaa. Wanaume chumba cha upande wa kulia, wanawake chumba cha kushoto, na ukumbi wa katikati ukiwa na meza tupu yenye kitambaa cheupe. Kioo kikubwa cha ukumbini tulikifunika shuka, kama inavyopasa. Kahawa ilikuwa chungu, isiyo na sukari. Sinia la sigara likazungushwa. Mimi nilishika chupa ya maji ya maua ya mchungwa na pamba, kwa ajili ya watakaozimia, na niliketi mahali ambapo naona milango yote miwili.

Akaingia Bi Olga, na furushi la shuka kwapani. Nyuma yake, hatua chache, Tufik, na furushi la gazeti. Nadhani walikuwa wamevizia kila mmoja nyuma ya kona mpaka mwenzake atokee. Wakampa Badia pole, Mungu amrehemu, Mungu akupe subira, kisha wakasimama pande mbili za ile meza tupu, kila mmoja amekumbatia chake, wakitazamana kama majogoo. Wanawake wakaacha kunong'ona. Ramzi, aliyekuwa na kikombe mkononi, alisahau kunywa.

Badia hakuinua sauti. "Wekeni," akasema. "Milhem hana miguu ya kusimama hapo akiwangoja mmalize."

Wakaweka. Kwa pamoja, nadhani. Wapo watakaokuambia vingine. Ramzi akaleta bisibisi ndogo ya miwani, akazigeuza fremu, akatoa misumari, akaondoa fremu ya dhahabu, kisha ile ya pili. Badia akasogea karibu kabisa, pua yake inakaribia kugusa karatasi. Akatafuta ukingo wa kina Shalhub kwa kidole. Masharubu, kiti, nguzo ya marumaru, mwisho. Akatafuta ukingo wa kina Bu Nasif. Kiti, mtungi wa maua, mwisho. Chini ya fremu hakukuwa na kitu.

"Yuko wapi?" akauliza.

Hapo ndipo tulipoelewa, wote, mmoja baada ya mwingine, kama taa za kijiji zinavyowaka jenereta likiwashwa. Jengo letu halijawahi kuwa na nguzo ya marumaru. Na katika mwaka ule wa njaa zetu, nani alikuwa na mtungi wa maua ulio mrefu kama mtoto? Lakini mtu haiulizi picha maswali. Nusu mtu ukutani ni mkosi. Yatokayo humo ni mimba zisizofika na ng'ombe wasiotoa maziwa. Kwa hiyo kila nyumba, kwa siri, ilikuwa imempelekea fundi wa picha nusu yake amfunike mtoto yule kwa rangi. Nyumba moja ikachagua nguzo, nyingine maua. Nina hakika alikuwa fundi mmoja, na nina hakika alicheka.

Badia alikuwa ameweka kiganja juu ya ile nguzo. Aliipangusa miaka yote.

"Nipe pamba," akaniambia.

Ramzi akasema tafadhali Mama Ghattas, usiguse, kuna mtaalamu Beirut. Badia akamjibu kwamba mtaalamu alishafika, na ndiye aliyepaka. Akalowesha pamba kwa maji ya maua, akaanza chini ya nguzo, taratibu, kama anavyotoa doa kwenye kola. Marumaru ikageuka tope, tope likaja kwenye pamba. Kikatokea kiatu cha kuazima. Ikatokea suruali, mkono, nusu ya ubao. Shingo. Bi Olga alikuwa ameziba mdomo. Kisha nusu ya midomo, shavu, sikio, jicho moja likitutazama kutoka miaka sabini nyuma, kavu kabisa, jeusi kama zeituni.

 Badia akachukua pamba safi, akahamia kwenye mtungi. Maua yalitoka upesi, mekundu yaliyofifia, na chini yake kulikuwa na karatasi nyeupe. Akasugua juu zaidi. Nyeupe. Tufik akasogea akaangalia, na sauti yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ikatoka ndogo.

"Wamemkwangua kwa wembe," akasema. "Kabla ya kupaka. Sikujua, mama. Naapa sikujua."

Nilingoja Badia amtukane. Wote tulingoja, ingetusaidia. Alivuta pumzi tu. Akaichukua ile nusu ya kina Shalhub, akaketi nayo kwenye kiti cha wafiwa, akaisogeza jichoni, akaiondoa, akaisogeza. Kahawa ikapoa vikombeni. Mtu mmoja akakohoa na kuaibika. Nilimwona anaumba kwa midomo jina la kaka yake, na nikajua kwamba bado hajamwona. Nusu uso ni kama nusu neno. Unajua linaanzaje na hulijui.

Kisha akainuka, akaenda kwenye kile kioo kikubwa, akavuta shuka ikaanguka.

Wanawake wakapiga alama ya msalaba. Kioo hakifunuliwi msibani, roho inaweza kuingia isitoke. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba Badia amechanganyikiwa, maskini. Yeye akaishika picha kwa mikono miwili, akaugusisha ule ukingo uliokatwa kwenye kioo, akaiweka wima. Sijui wazo lilimjia kutoka wapi. Kioo kikaichukua nusu na kuijibu kwa nusu yake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake nikaona: mtoto kamili, macho mawili, masikio mawili, ameshika ubao mzima.

Badia akamtazama. Akakunja uso.

"Siye," akasema.

Bi Olga akasema Mama Ghattas, ni yeye, tazama vizuri.

"Sogea, Olga, unanizibia mwanga. Siye. Jicho hili la pili limesimama mno. La Milhem lilikuwa limelala kidogo, upande huu, kama mtu aliyeamshwa mapema. Na hapa," akagusa kioo, "hapa mdomo ulikuwa unatangulia. Ulicheka upande huu kwanza, upande ule ukafuata. Na sikio. Hili sikio halikuwa hivi, lilikuwa limetoka nje, nyumbu wa baba alilivuta. Na nyusi ilikuwa na pengo, hapa, alianguka kwenye mforsadi akamdanganya mama kwamba nimemsukuma mimi. Nami nikachapwa." Alikuwa anakikaripia kile kioo kama muuza mboga aliyepunja, na kadiri alivyokaripia ndivyo sauti ilivyozidi kukatika, na mkono wake ukawa unachora hewani jicho, mdomo, nyusi, mahali pake kabisa, bila kusita.

 Akafumba macho. Nilimwona anatazama.

Alipoyafumbua alinikabidhi picha, akanisaidia kuirudisha shuka juu ya kioo, akainyoosha pembe. Akarudi kwenye kiti cha wafiwa karibu na mlango, akaketi mgongo wima, mikono mapajani.

"Haya," akasema. "Sasa nipeni pole."

Walikuwa wamekwishampa walipoingia, wote, lakini hakuna aliyemkumbusha. Wakasimama upya, wanaume kwa wanawake, wakapita mbele yake, na safari hii walisema jina: Mungu amrehemu Milhem. Tufik alipofika alimbusu mkono na hakuweza kumaliza. Bi Olga alimwangukia kifuani akalia kwa kelele, akalia na kulia, mpaka mtu wa nje angedhani marehemu ni mumewe, na kitambaa cheusi cha Badia kikalowa begani. Badia alimpigapiga mgongo kwa muda, kwa subira. Kisha akavuta ile pumzi yake ndefu.

"Punguza, mwanangu," akamwambia sikioni. "Ni kaka yangu. Nami nalia pia, ila kwa kelele zako sijisikii."